Hata Spinori Zina Ngeli

Wakati wa TP mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji. Siku hiyo ilikuwa kipindi cha mwisho, bati linawaka kwa jua, nusu ya kidato cha pili wanasinzia, na mimi niko ubaoni nafundisha kipeuo cha pili. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akanyoosha mkono: "Madamu, namba gani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata hasi moja?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika TP nzima. Na mimi, mwalimu mtarajiwa wa hisabati na fizikia, nikamjibu hivi: "Hiyo haiko kwenye mtihani. Kaa."

Akakaa. Hakunyoosha mkono tena mpaka nikaondoka.

Aibu ile nilipanda nayo daladala mpaka nyumbani Pugu Kajiungeni, na hadi leo ninayo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lile halikuwa langu. Nilirithishwa. Muhula uliotangulia, baada ya mhadhara, nilimfuata mhadhiri mmoja ambaye namheshimu hata sasa, nikamuuliza juu ya neno nililoliona kitabuni: spinori. Akatabasamu, akasema, "Hayo waachie wenzenu wa fizikia tupu. Nyie wa ualimu mnakwenda kufundisha kidato cha pili." Hakusema kwa ubaya. Lakini tazama mnyororo ulivyo: mimi nikaambiwa hayo si ya kwangu, miezi michache baadaye nikamwambia kijana wa watu hayo si ya kwake. Kesho naye akiwa mwalimu atamwambia nani?

Hoja yangu ni moja, na naomba niiseme mapema ili tusizungushane: mwalimu anayejua mtaala peke yake hawezi kuufundisha huo mtaala vizuri. Sisi wa ualimu tunapaswa kusoma zaidi ya tutakachofundisha, na tukisome kwa lugha tunayoelewana. Na usiseme haiwezekani kwa sababu ni vigumu. Nimejaribu kwa mfano mgumu kuliko yote niliowahi kukutana nayo, zile zile spinori nilizokatazwa, na nimegundua nusu ya somo nilikuwa nalijua tangu darasa la tatu. Nilifundishwa kwenye Kiswahili.

Twende taratibu.

Chukua glasi ya maji, iweke juu ya kiganja kilichofunguka. Sasa izungushe mzunguko mmoja kamili bila kumwaga, kiganja kikiangalia juu muda wote, glasi ikipita chini ya kwapa. Glasi imerudi ilipokuwa, lakini mkono umejikunja, kiwiko kiko juu kama cha mtu anayejikuna mgongo. Usirudishe. Endelea upande uleule, mzunguko wa pili, safari hii glasi ipite juu ya kichwa. Mkono umenyooka tena! Nyuzi 360 hazikutosha, zimehitajika 720. Nimelifanya hili ukumbini kwetu mbele ya wapangaji wenzangu, na glasi moja imepotea katika utafiti.

Spinori ni kitu cha kihisabati chenye tabia hiyo. Ukikizungusha nyuzi 360 hakirudi kama kilivyokuwa, kinarudi na alama ya hasi mbele yake. Ukikizungusha tena nyuzi 360, ile hasi inageuka kuwa chanya. Na hii siyo michezo ya karatasi. Mwaka 1975 vikundi viwili vya wanafizikia waligawa mkondo wa nyutroni njia mbili, wakazizungusha za njia moja kwa sumaku, kisha wakazikutanisha tena. Nyuzi 360 zikaleta hasi. Nyuzi 720 zikairudisha chanya. Elektroni zilizoko ndani ya simu yako ziko hivyohivyo.

Sasa zilitoka wapi hizi spinori? Hapo ndipo nilipotaka kulia, kwa sababu zilitoka kwenye swali la yule kijana wa dawati la nyuma.

Mwaka 1928 Mwingereza Paul Dirac, akiwa na miaka 25, alikuwa anatafuta mlinganyo wa elektroni. Nadharia ya Einstein ilimpa uhusiano kati ya nishati, mwendo na tungamo, ila kila kitu humo kiko katika mraba. Dirac aliitaka nishati yenyewe, sio mraba wake. Yaani alitaka kutoa kipeuo cha pili. Kwa namba za kawaida ilikataa. Alihitaji vitu vinne ambavyo kimoja ukikizidisha chenyewe kwa chenyewe unapata moja, na vitatu vilivyobaki kila kimoja kinakupa hasi moja, na ukibadili mpangilio wa kuzidisha viwili vyovyote jibu linageuka alama. Namba haziko hivyo, lakini matriki zipo, za safu nne kwa nne. Na kile ambacho matriki hizo zinakifanyia kazi, safu wima ya namba changamano nne, ndiyo spinori. Mlinganyo huo ukadokeza kuwepo kwa chembe kama elektroni yenye chaji chanya. Mwaka 1932 Carl Anderson akaiona kwenye picha za miale itokayo anga za mbali. Ndiyo positroni.

Kwa hiyo "namba gani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata hasi moja" ni swali lililomfikisha mtu kwenye chembe mpya ya ulimwengu. Mimi nikasema kaa.

Tuendelee, maana tumefika penyewe. Namba nne za spinori zina tatizo: hazina msimamo. Tuseme mimi nimesimama stesheni ya SGR hapa Pugu, na wewe uko ndani ya treni inayopita kuelekea Morogoro kwa kilomita 160 kwa saa, na sote tunaitazama elektroni ileile. Namba nne nitakazoandika mimi hazitalingana na nne utakazoandika wewe. Hata tukiwa tumesimama pamoja, mwandishi wa kitabu kimoja akichagua matriki tofauti na mwenzake, namba zinabadilika zote. Sasa ukiwa na spinori nyingi mbele yako, utazipangaje katika makundi kama sura zenyewe hazitulii?

Jibu alilipanga vizuri mwanahisabati wa Finland, Pertti Lounesto, katika kitabu chake cha mwaka 1997, Clifford Algebras and Spinors. Lounesto, aliyefariki mwaka 2002, alikuwa na sifa moja niliyoipenda: alikuwa akisoma nadharia zilizochapishwa na wenzake, kisha anatoa mfano mmoja unaoziangusha. Njia yake ya kupanga spinori ni hii: usiangalie sura ya spinori, angalia inavyojidhihirisha nje yake.

Unachukua spinori, unaizidisha na nakala yake yenyewe kwa kupitia matriki za Dirac, kwa njia tano. Unapata vitu vitano. Viwili ni namba mojamoja, tuziite sigma na omega. Viwili ni vekta zenye sehemu nne nne, J na K: J ni mkondo wa chembe, K inahusu mwelekeo wa spini yake. Cha tano, S, kina sehemu sita. Jumla ni namba 16. Na kwa kuwa kila kimoja kina spinori mara mbili, ile hasi ya nyuzi 360 inapotea, maana hasi mara hasi ni chanya. Umeona? Hesabu ya kidato cha kwanza imefanya kazi hapo.

Kisha unauliza swali rahisi kabisa: kipi ni sufuri, kipi sio sufuri?

Anza na sigma na omega. Zote mbili zipo: kundi la 1. Sigma ipo, omega ni sufuri: kundi la 2. Sigma ni sufuri, omega ipo: kundi la 3. Katika makundi haya matatu, K na S haziwezi kupotea. Kama sigma na omega zote ni sufuri, tunageukia K na S. Zote mbili zipo: kundi la 4. K imepotea, S ipo: kundi la 5. K ipo, S imepotea: kundi la 6. K na S kupotea kwa pamoja aljebra inakataa, na J haipotei popote. Makundi ni sita, basi. Hesabu ya kuyapata anaiweza mtoto wa darasa la sita.

Kwa nini aljebra inakataa? Kwa sababu zile namba 16 haziko huru. Zimefungwa pamoja na milinganyo inayoitwa ya Fierz. Mmoja wao unasema mraba wa J ni sawa na mraba wa sigma jumlisha mraba wa omega. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiuona atasema, "Si Pythagoras huyu?" Sio yeye, lakini wanafanana kiasi cha kumfanya asogee karibu na ubao. Na hiyo tu inatosha kwa siku ya kwanza.

Turudi stesheni. Mimi na wewe wa kwenye treni tutapata sehemu tofauti za J, lakini kitu kikiwa sufuri kwangu ni sufuri na kwako. Kwa hiyo tunakubaliana juu ya kundi, hata kama hatukubaliani juu ya namba nne. Na makundi haya yana wakazi. Elektroni huru, inayosafiri bila kuguswa na chochote, iko kundi la 2. Kundi la 5 lina spinori za Majorana, Mtaliano aliyependekeza mwaka 1937 chembe ambayo yenyewe ndiyo kinyume chake. Kundi la 6 ni la spinori za Weyl, ambazo kwa miaka mingi zilitumika kuelezea nyutrino, mpaka ilipobainika kuwa nyutrino zina tungamo. Sasa majaribio yanaendelea kujua kama nyutrino ni mpangaji wa kundi la 5. Kundi la 4 lilikaa muda mrefu kama chumba kisicho na mpangaji, na ndilo kundi ambalo watafiti wamekuja kulivalia njuga baadaye. Hisabati ilijenga chumba kwanza, ndipo watu wakaanza kutafuta nani atakaa.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikacheka peke yangu. Hii nilishaisoma. Ni ngeli.

Kumbuka Kiswahili cha shule. Neno "kiboko". Ukiliangalia sura limeanza na KI, na wingi wake ni "viboko", kwa hiyo mtu wa haraka atalitupa KI-VI na kwenda zake. Lakini tunasema "kiboko amezama mtoni", A-WA. Halafu chukua kile kiboko cha mwalimu wa nidhamu: "kiboko kimevunjika", KI-VI. Sura ni ileile, herufi kwa herufi, umoja na wingi. Ngeli ni mbili. Umezijuaje? Hukuangalia neno. Umeangalia upatanisho wa kisarufi, yaani neno linavyojidhihirisha kwenye kitenzi na kwenye maneno yanayoandamana nalo. Hivyohivyo ndivyo alivyofanya Lounesto kwa spinori: sura ya spinori inadanganya, upatanisho wake haudanganyi. Na kazi hiyo mtoto wa Kitanzania wa miaka minne, ambaye hajaenda hata chekechea, anaifanya kila siku bila kukosea.

Nisije nikasingiziwa, niseme na mahali mfano wangu unapokatika. Ngeli zimewekwa na wasemaji. Tungeweza kuzungumza tofauti, na ndugu zetu wa lugha nyingine za Kibantu wanazo ngeli zinazotofautiana na zetu. Makundi ya spinori hayakupigiwa kura na mtu, yamelazimishwa na milinganyo ya Fierz. Mwalimu anayetumia mfano lazima aseme unaishia wapi, la sivyo anapanda uongo. Lakini mlango ni uleule: panga vitu kwa tabia isiyobadilika, sio kwa sura.

Sasa najua yatakayosemwa, maana nimeshayasikia kwenye foleni ya chakula.

La kwanza: "Spinori hazileti ugali. Sisi tunawaza bumu, sapu na ajira." Kweli kabisa. Mimi pia nimewahi kula mihogo siku tatu nikisubiri bumu, na sapu naijua kwa jina na kwa sura. Lakini sijasema tufanye spinori badala ya mtaala. Nimesema mwalimu awe na mahali pa mbele pa kuonyesha kidole. Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi kidato cha nne, kila mmoja wetu analijua hilo kwa majina ya rafiki zake. Sidhani wanaanguka kwa sababu hawana akili. Wengi wanaanguka kwa sababu wamefundishwa barabara isiyokwenda popote. Mtoto akiuliza "hii inaishia wapi" na mwalimu hajui, mtoto anahitimisha kuwa haiishii popote. Na kama kukosa ajira ndiyo hofu, basi mhitimu anayejua tu kilichomo kwenye kitabu cha kidato cha pili atashindana na nini?

La pili: "Mambo hayo hayasemeki kwa Kiswahili." Jamani. Sisi tunasikiliza mhadhara kwa Kiingereza, tunajibu mtihani kwa Kiingereza, lakini usiku kwenye kikundi cha majadiliano, pale ambapo mtu ndipo anaelewa kweli, tunaongea lugha gani? Tunaelewa kwa Kiswahili, kisha tunatafsiri uelewa wetu ili tupate maksi. Msamiati nao upo kuliko tunavyodhani. TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Neno likikosekana tunaliazima na kulivisha nguo zetu, kama tulivyofanya kwa elektroni. Umesoma mpaka hapa, na tumepita kwa Dirac na Lounesto bila kuhitaji mkalimani.

Kisha mimi naishi Pugu, na hapa kuna historia inayonikera nikiona tunajidharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko hapahapa Pugu, aliyeacha kazi mwaka 1955 ili ashughulikie siasa ya uhuru. Barabara tunayopanda nayo daladala kwenda mjini, iliyokuwa ikiitwa Pugu Road, sasa ina jina lake. Watu wanakumbuka siasa, lakini mimi nakumbuka jambo jingine: mwalimu huyo, akiwa tayari ni Rais wa nchi, alitoa tafsiri za tamthiliya mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna mtaala uliomtaka. Hakuna mtihani uliomsubiri. Watu walidai lugha hii haiwezi kubeba mzigo ule, akaubeba. Nyerere aliitwa Mwalimu mpaka anazikwa, na sidhani ni kwa sababu alijua cha kidato cha pili peke yake.

Basi naomba mambo matatu, na yote hayahitaji bajeti.

Kwa wahadhiri wetu: mwanafunzi wa ualimu akibisha hodi kwenye mhadhara wa juu wa fizikia au hisabati, mwacheni akae nyuma asikilize. Hata akielewa robo, robo hiyo itafika Kigoma, Newala na Chake Chake kabla ya kitabu chochote.

Kwa uongozi wa serikali ya wanafunzi na wahariri wa gazeti hili: tupeni ukurasa mmoja kila toleo, wa mtu kueleza kitu kimoja kigumu cha fani yake kwa Kiswahili. Wa sheria, wa kemia, wa uchumi, wote. Mtu asiyeweza kukieleza kwa lugha ya mama yake bado hajakielewa, amekikariri.

Kwa sisi wenyewe wa ualimu: kila Alhamisi jioni, chini ya mwembe ule wa nyuma ya maktaba, mada moja isiyo kwenye mtihani, saa moja tu. Atakayeanza ni mimi, na glasi ya plastiki.

Na kwenye TP ijayo tuweke nadhiri kwamba yale maneno "haiko kwenye mtihani" hayatatoka midomoni mwetu. Kama hujui, sema "sijui, nipe mpaka kesho". Hilo ni jibu la mwalimu.

Yule kijana sijui kama bado yuko shuleni. Kama yuko, sasa atakuwa kidato cha tatu. Nimeshaamua likizo hii nipande daladala niende nikaombe ruhusa kwa mkuu wa shule, dakika kumi tu, na nimwite kwa jina lake. Nitamwambia hivi: namba hiyo haipo kati ya zile nilizokufundisha, lakini watu walikataa kukaa chini, wakaitengeneza, na ilikofika mpaka leo hakujulikani mwisho wake. Njoo nikuonyeshe. Lete glasi.